UZI: Mawingu ya katikati ya bahari yanapandwa na vijimea vya majini, au ni chumvi tu?

#1 Kusi_na_Kaskazi (mleta uzi)
Salaam wanajukwaa, naingia moja kwa moja.

Mvuke wa maji hewani hauwi tone la wingu hivi hivi. Lazima upate kichembe cha kujishikiza, kidogo sana, kipenyo cha nanomita 50 hadi 100 hivi kinatosha, ndo maji yanajikusanya juu yake mpaka tone linafika mikromita 10 au zaidi. Nchi kavu vichembe viko vya kumwaga, vumbi, moshi, masizi. Ila chukua Bahari ya Kusini inayozunguka Antaktika, upepo unaizunguka dunia nzima karibu bila kugusa bara, hewa ni safi kuliko karibu kokote, na bado mawingu yametanda mwaka mzima. Mbegu za hayo mawingu zinatoka wapi?

Hoja yangu ni kwamba zinatoka kwa viumbe wa juu ya maji. Fitoplanktoni, vile vijimea visivyoonekana kwa macho, vinatengeneza kemikali yenye salfa, ikivunjwa inatoa gesi ya dimethaili salfaidi, tuiite DMS, gesi inapanda hewani, inageuka asidi, asidi inazaa chembe, chembe inabeba tone. Maji ya bahari ni meusi, yanameza karibu joto lote la jua, ni wingu la chini ndo linalorudisha mwanga juu, kwa hiyo hivi vijimea vinashika pazia la dunia. Kila siku watu wanaongelea misitu, bahari ambayo ni asilimia 71 ya uso wa dunia haina wa kuisemea. Wenye nondo wazilete.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeweka kambi. Wenye kemia yenu shukeni taratibu tusiachwe njiani.

#3 Mwamba wa Chumvi
Mkuu mleta uzi unakwenda mbali bure. Upepo ukipiga, wimbi linavunjika, linatoa povu, povu linapasuka, chumvi inaruka hewani. Chumvi inapenda maji kuliko kitu chochote, ni mbegu ya wingu tayari imeshaiva, haihitaji mmea wala gesi. Na huko Bahari ya Kusini unakokusema ndo kwenye upepo mkali kuliko bahari zote. Hesabu imefungwa hapo.

#4 Binti Molekuli
#3 haijafungwa kaka. Umehesabu kwa uzito, wingu linahesabu kwa idadi. Chumvi inayoruka kutoka baharini kwa mwaka ni mabilioni ya tani, sawa, lakini sehemu kubwa ya huo uzito iko kwenye chembe nene, chache, nyingine zinarudi majini ndani ya masaa machache. Ni kama kulinganisha jiwe moja na kiganja cha mchanga, uzito mmoja lakini idadi haikaribiani. Kuna kazi ya 2017 ya kina Quinn waliokusanya vipimo vya safari nyingi za melini, wakakuta chembe za povu la bahari ni chini ya asilimia 30 ya mbegu za mawingu sehemu nyingi za bahari, isipokuwa kule kusini kabisa kwenye latitudo za juu. Zinazobaki nyingi ni za salfeti.

Sasa salfeti hiyo, njia yake ni hii, nisomeni polepole. Kijimea kinatengeneza kitu kinaitwa DMSP ndani ya seli, kinakisaidia kuhimili chumvi na baridi na msongo. Sio vijimea vyote ni matajiri wa hiyo kitu, Emiliania huxleyi na Phaeocystis wanayo nyingi, wale wa magamba ya silika, diatomu, wengi wao wanayo kidogo. Seli ikiliwa na vidudu au ikipasuliwa na virusi, DMSP inamwagika, vimeng'enya vinaikata, DMS inatoka. Ila wengi wanasahau hapa: sehemu kubwa ya DMS haifiki hewani kabisa, bakteria wanaila, jua linaivunja humo humo majini, inayotoroka kwenda juu ni kama asilimia 10 tu. Na bado hiyo kidogo kwa dunia nzima inakadiriwa kuwa tani milioni 28 hivi za salfa kwa mwaka. Ikifika hewani inaishi siku moja au mbili, inashambuliwa na radikali ya haidroksili, yaani molekuli kali inayozaliwa kwa mwanga wa jua, inatoka salfa dayoksaidi, halafu asidi salfuriki. Molekuli za asidi zikishikana na amonia ndo chembe mpya inazaliwa, ya nanomita moja au mbili, ambayo bado ni ndogo mno kwa wingu, lazima ikue kwanza.

#5 Kusi_na_Kaskazi
Asante dada Binti Molekuli kwa shule. Naona #3 amekaa kimya kidogo.

#6 Mwamba wa Chumvi
Sijakaa kimya, nilikuwa nasoma. Amesema mwenyewe kule kusini chumvi ina sehemu kubwa zaidi. Na mleta uzi mfano wake ulikuwa Bahari ya Kusini hiyo hiyo!

#7 Mzee wa Kumbukumbu
Vijana, hii hoja ya #1 ina historia, tuiweke sawa. Mwanasayansi James Lovelock alipanda meli ya utafiti ya Shackleton kati ya 1971 na 1972 kutoka Uingereza kwenda Antaktika, akapima DMS kwenye maji ya juu karibu njia nzima, wakaandika 1972. Kabla ya hapo watu walidhani salfa inayotoka baharini kwenda nchi kavu inapitia gesi ya mayai mabovu, haidrojeni salfaidi. Halafu 1987 Lovelock akaandika ile karatasi maarufu kwenye jarida la sayansi la Nature kwamba vijimea vinaratibu joto la dunia: jua likizidi, vijimea vinaongezeka, DMS inaongezeka, mawingu yanang'aa, jua linapungua. Mzunguko unaojirekebisha wenyewe.

#8 Msahihishaji
#7 shikamoo mzee, ila tusimpe Lovelock peke yake. Ya 1987 walikuwa wanne, Charlson, Lovelock, Andreae na Warren, ndo maana nadharia inaitwa CLAW, herufi za kwanza za majina yao kwa mpangilio huo huo. Na hawakusema lazima mzunguko unapooza. Waliweka wazi kwamba kuna kiungo kimoja hawakujua ishara yake, yaani mawingu yakibadilika vijimea vitaitikaje, vitazidisha DMS au vitapunguza.

#9 Mzee wa Kumbukumbu
Marahaba kijana. Ni wanne kweli. Hicho kiungo ulichokitaja ndo kimekula miaka ya watu mpaka leo.

#10 Baharia Huru
Mi si mwanasayansi, nimefanya kazi kwenye meli za mizigo miaka mingi, naongea nilichoona. Atlantiki ya Kaskazini kuanzia mwisho wa majira ya kuchipua unaweza kukuta maji yamebadilika rangi, ya kijani ya maziwa, kama mtu kamwaga chokaa, mnasafiri humo masaa kwa masaa. Wenzangu waliozoea njia hiyo walikuwa wanasema hewa ya hapo inanuka tofauti, ile harufu yenyewe ya bahari, nzito. Sasa ninachouliza, hayo maji meupe ndo hao Emiliania? Na mbona siku nyingine juu ya hayo maji anga iko wazi kabisa, hamna wingu hata la dawa, wakati kwa maelezo ya #1 ilitakiwa mawingu yajazane hapo?

#11 Binti Molekuli
Baharia, swali lako ni zuri kuliko post zetu zote. Ndio, maji ya maziwa mara nyingi ni wao, wana vigamba vya chokaa, vinarudisha mwanga, hata setilaiti zinawaona vizuri.

Anga kuwa wazi haipingi. Mbegu sio wingu. Wingu linaletwa na unyevu na hewa inayopanda, mbegu inaamua tu maji yagawanywe kwa matone mangapi. Mbegu nyingi, matone mengi madogo, wingu linang'aa zaidi, hiyo ni hoja ya mwanasayansi Twomey ya miaka ya 1970. Halafu DMS inachukua siku moja mbili kugeuka na chembe zinachukua siku kadhaa kukua, kwa hiyo upepo umeshaipeleka hewa yako mamia au maelfu ya kilomita. Unasimama juu ya maji ya maziwa huku wingu lake liko kwingine.

#12 Mpinzani Mkuu
Basi kama wingu lake liko kwingine mtathibitishaje? Hapo ndo ninapogomea CLAW. 2011 Quinn na Bates waliandika kwenye Nature kupinga kabisa huo mzunguko wa kujirekebisha, na hoja zao zina mashiko. Mosi, mbegu za mawingu baharini zina vyanzo vingi, sio DMS pekee. Pili, ukiongeza DMS haina maana mbegu zinaongezeka kwa uwiano huo. Tatu, mawingu yenyewe hayaitiki sana kwa mbegu kama ilivyodhaniwa. Kila pete ya mnyororo ni dhaifu, halafu nyie mnataka mnyororo mzima ubebe hali ya hewa ya dunia. DMS ipo, inatengeneza chembe, hilo sipingi. Kusema vijimea "vinashika pazia la dunia" ni ushairi.

#13 Kusi_na_Kaskazi
Mkuu #12 naheshimu nondo zako ila Cape Grim unaiweka wapi? Kituo cha Tasmania, Australia, kinapima hewa inayotoka moja kwa moja baharini tangu 1976. Kiangazi cha kule, Disemba mpaka Februari, DMS inapanda, asidi ya methenisalfoniki ambayo chanzo chake ni DMS tu inapanda, na mbegu za mawingu zinapanda. Kipupwe vyote vinashuka. Ayers na Gras walionyesha 1991. Vitu vitatu vinapanda na kushuka pamoja mwaka baada ya mwaka, utasema bahati?

#14 Mpinzani Mkuu
Sio bahati, ni jua. Kiangazi kuna mwanga, mwanga unakuza vijimea, mwanga huo huo unatengeneza radikali ya haidroksili inayochoma DMS, mwanga huo huo unaendesha kemia nyingine yote ya hewani. Vitu viwili vikifuata jua vitafuatana tu hata kama havijuani.

#15 Msahihishaji
#14 umejibu nusu. Asidi ya methenisalfoniki haina baba mwingine zaidi ya DMS, na DMS haiji bila viumbe, kwa hiyo kiungo cha kwanza hakiwezi kuwa jua peke yake. Unachoweza kupinga ni hatua ya kutoka salfa kwenda mbegu. Hapo nakubali panavuja.

#16 Mwani Pwani
Wote mnagombea salfa, iodini mmeiacha nje ya mlango. Kituo cha Mace Head, magharibi ya Ayalandi, maji yakikupwa mchana mwani mkubwa wa kahawia unabaki mtupu juani, Laminaria haswa, unatoa mvuke wa iodini kwa sababu ndo kinga yake dhidi ya ozoni na msongo, na ndani ya muda mfupi hewani kunatokea mlipuko wa chembe mpya, idadi inaruka mara nyingi sana. O'Dowd na wenzake walionyesha 2002. Halafu 2016 kina Sipilä wakaona molekuli kwa molekuli jinsi asidi ya iodini inavyojipanga kuwa chembe pale pale Mace Head. Hamna kusubiri siku mbili wala kusafiri kilomita elfu.

#17 Mwamba wa Chumvi
Hiyo ya mwani ni ya pwani mkuu. Katikati ya bahari hamna miamba wala maji kupwa. Mleta uzi kauliza katikati ya bahari.

#18 Mwani Pwani
Katikati ya bahari iodini inatoka pia, ozoni ikigusa uso wa maji inakutana na iodaidi, yaani iodini iliyoyeyuka majini, zinatoka gesi za iodini, Carpenter na wenzake waliipima 2013. Na mradi wa CLOUD kule CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, wana chumba cha chuma wanachoweza kuweka gesi safi wanazotaka wakaangalia chembe zinazaliwaje, 2021 wakatoa majibu kwamba asidi ya iodini inazaa chembe haraka kuliko asidi salfuriki pamoja na amonia zikiwa kwa kiwango kimoja.

#19 Msahihishaji
Ila hiyo ya ozoni na iodaidi sio baiolojia moja kwa moja, ni kemia ya uso wa maji. Ukiitumia hapa unaisaidia kambi ya #12 zaidi kuliko ya #1. Tusichanganye mafaili.

#20 Povu Maabara
Nimefurahi kuukuta uzi huu. Nilikuwa msaidizi kwenye maabara yenye tangi la kutengenezea povu la bahari, naomba niwarudishe kwenye hoja ya #3 maana mmemwacha mapema mno.

Mwamba wa Chumvi yuko sahihi kwamba povu ni muhimu, anapokosa ni kuliita chumvi. Uso wa bahari una utando mwembamba, kuanzia mikromita moja mpaka elfu moja hivi kutegemea nani anapima, na utando huo umejaa mafuta, protini, sukari ndefu ndefu, vipande vya seli, bakteria, virusi. Kiputo kinapopanda kutoka chini kinakusanya hivyo vitu njiani kwa sababu vinapenda kukaa kati ya maji na hewa. Kikifika juu kinapasuka kwa namna mbili. Kwanza ile ngozi ya juu inachanika, inatoa matone membamba, mengi, hata mamia kwa kiputo kikubwa. Halafu shimo linalobaki linajifunga kwa nguvu na kurusha mchirizi juu, unakatika kuwa matone machache, makubwa kidogo. Zamani ilifundishwa kwamba chembe ndogo zote zinatoka kwenye ngozi, 2017 Wang na wenzake wakaonyesha kwamba mchirizi nao unatoa sehemu nzuri ya zile ndogo za chini ya mikromita moja, na kemia yake ni tofauti, ya ngozi ina mafuta zaidi, ya mchirizi inafanana zaidi na maji yenyewe ya bahari.

Nilichoona kwa macho yangu ni hiki: tukiweka maji yenye vijimea vilivyostawi halafu vikaanza kufa, povu lilibadilika tabia, lilikaa muda mrefu juu ya maji bila kupasuka, na chembe zilizotoka hazikuwa zile za mwanzo. Kwenye kufa ndo kulikuwa na mabadiliko makubwa, sio kwenye kustawi. Kwa hiyo mtu akipima kijani tu cha bahari, yaani wingi wa vijimea, anaweza kukosa tukio lenyewe.

#21 Siti_ya_Mbele
Hapa ndo nimeelewa. Kwa hiyo chembe moja ya povu inaweza kuwa chumvi na uozo wa viumbe kwa pamoja?

#22 Povu Maabara
Ndio, na kadri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo sehemu ya vitu hai inavyozidi chumvi. Mace Head hiyo hiyo aliyoitaja #16, kina O'Dowd 2004 waliripoti kwamba msimu wa vijimea kuchanua, vitu vya kikaboni vilikuwa asilimia 63 ya uzito wa chembe za chini ya mikromita moja, kipupwe vikashuka mpaka asilimia 15 na chumvi ikatawala. Hiyo tofauti ni kubwa sana kuipuuza.

#23 Mpinzani Mkuu
Na mimi naleta ya 2014, Quinn na wenzake tena. Walipima povu jipya kabisa lililotengenezwa melini, sehemu zenye kijani nyingi na sehemu ambazo ni jangwa la bahari, Atlantiki ya Kaskazini na pwani ya California. Kiwango cha kikaboni kwenye chembe kilikuwa karibu kile kile kote. Maelezo yao: bahari ina hazina kubwa ya kaboni iliyoyeyuka, inakaribia kaboni iliyopo kwenye kabonidayoksaidi ya angahewa nzima, nyingine ina umri wa maelfu ya miaka. Povu linachota kutoka hapo, halisubiri vijimea vichanue leo.

#24 Binti Molekuli
Hazipingani kihivyo. Mace Head walipima hewa iliyosafiri, ambamo povu la asili limeshachanganyika na mvuke wa DMS na vingine vilivyoganda juu yake. Melini walipima povu bichi. Mmoja amepima kilichozaliwa, mwingine kilichokua. Na kuna kundi la Prather la Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari ya California, 2013 wao wakapeleka maji ya bahari kwenye mfereji wa mawimbi halisi ndani ya jengo, wakakuta bakteria na vijimea vinabadilisha mchanganyiko wa chembe, sio kijani peke yake.

#25 Mwamba wa Chumvi
Sasa nitaitwa Mwamba wa Chumvi na Mafuta. Ila mmeona povu limerudi mezani? Hiyo ndo hoja yangu ya #3.

#26 Ndege wa Mbali
Natoka nje ya mada kidogo lakini inahusu. Harufu anayoisema Baharia #10, ndege wanaifuata kutafuta chakula! Nevitt na wenzake 1995 walimwaga DMS juu ya maji karibu na Antaktika, ndege wa jamii ya petreli wakaja. Kwa sababu DMS inatoka vijimea vikiliwa, kwa hiyo pakinuka pana vidudu, penye vidudu pana mlo. Kibaya ni kwamba plastiki ikielea baharini inaota utando wa vijimea na kuanza kunuka DMS, utafiti wa 2016 ulionyesha ndege wanaotumia hiyo harufu ndo wanaomeza plastiki zaidi. Inaniuma sana hii.

#27 Anga za Juu
Kwa hiyo DMS ni alama ya uhai tu? Maana ile sayari ya K2-18b, iliyo nje ya mfumo wetu wa jua, waliposema darubini ya James Webb imeona dalili za DMS dunia ilishtuka.

#28 Msahihishaji
Tuwe makini na hiyo. Dalili za K2-18b zimepingwa na wachambuzi wengine wa data hiyo hiyo. Na 2024 waliripoti DMS kwenye nyotamkia 67P, ambayo haina bahari wala kijimea. Hapa duniani chanzo kikuu ni viumbe, lakini kemia inaweza kuitengeneza bila kiumbe. Turudi baharini.

#29 Mama Kifua
Naomba niulize kitu cha kiafya. Mwanangu ana pumu, tulikaa ufukweni nje ya nchi wakati wenyeji wanasema maji yamekuwa mekundu, akaanza kukohoa hata kabla hajagusa maji. Daktari alisema ni hewa ya bahari. Ina uhusiano na haya?

#30 Povu Maabara
Pole dada. Ina uhusiano wa moja kwa moja. Vijimea vingine vina sumu, na viputo vinaipandisha hewani kwa njia ile ile niliyoeleza #20. Florida kuna Karenia brevis, sumu yake ikipeperushwa watu wa ufukweni wanakohoa na macho yanawasha, na wenye pumu wanaumia zaidi. Genoa, Italia, kiangazi cha 2005 watu kama 200 walihitaji matibabu, homa, kikohozi, kupumua kwa shida, chanzo kikatajwa kijimea kiitwacho Ostreopsis. Wenye pumu wakisikia tangazo la maji mekundu na upepo unatoka baharini, wakae mbali na fukwe siku hizo.

#31 Mama Kifua
Asante, nimepata jibu.

#32 Moshi wa Meli
Mnaongelea bahari kana kwamba binadamu hayupo. Kaskazini ya dunia salfa ya meli na viwanda imeifunika hiyo ya vijimea. Kanuni ya IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, ya Januari 2020 ilishusha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na ile mistari myeupe ya mawingu nyuma ya meli ikapungua kwenye picha za setilaiti. Hiyo inathibitisha mbegu zinabadilisha mawingu, ila mbegu za nani ndo swali.

#33 Kusi_na_Kaskazi
#32 umenisaidia bila kujua. #12 alisema mawingu hayaitiki kwa mbegu, mistari ya meli inasema yanaitika.

#34 Mpinzani Mkuu
Yanaitika pale hewa ilipo safi na wingu ni jembamba. Sehemu nyingine meli inapita na hakuna mstari. Usichukue picha nzuri ukaacha nyingine.

#35 Barafu Hewani
Kuna upande mwingine wa viumbe mmeusahau, barafu. Maji ya wingu yanaweza kubaki kimiminika hata chini ya nyuzi sifuri kwa mbali sana kama hakuna chembe ya kuanzisha barafu. Nchi kavu vumbi linafanya hiyo kazi, Bahari ya Kusini vumbi ni haba. Kina Wilson 2015 walichukua ule utando wa juu wa bahari ya Aktiki na Atlantiki ya Kaskazini wakakuta una vitu vya kibaiolojia vinavyogandisha maji, na diatomu moja inaitwa Thalassiosira pseudonana ilitoa majimaji yenye uwezo huo huo maabara. Hizo chembe zikiwa chache, wingu linabaki la maji na linang'aa. Zikiongezeka linageuka barafu, linanyesha, linapotea. Kwa hiyo viumbe hao hao wanaweza kung'arisha wingu kwa mkono mmoja na kulimaliza kwa mwingine. Modeli nyingi za hali ya hewa zilikuwa zinaruhusu jua jingi mno kufika Bahari ya Kusini, sababu mojawapo kubwa ni kugandisha mawingu yake mapema kuliko uhalisia.

#36 Siti_ya_Mbele
Kila mtu akija anaongeza mlango mpya. Mi nauliza kirahisi, si tumwage chakula cha vijimea baharini tuone mawingu yanaongezeka?

#37 Mzee wa Kumbukumbu
Walimwaga. Chuma. Bahari ya Kusini 1999, jaribio la SOIREE, vijimea vikaongezeka na DMS ikapanda. Pasifiki ya kaskazini mashariki 2002, jaribio la SERIES, vijimea vikaongezeka lakini DMS ikashuka mpaka chini ya ilivyokuwa mwanzo. Vijimea sio DMS, inategemea nani kachanua na bakteria wamekula nini. Na 2008 nchi za Mkataba wa London, ule wa kuzuia utupaji taka baharini, zilikubaliana kwamba kurutubisha bahari kusifanyike nje ya utafiti halali. Naona walifanya sahihi, huwezi kutikisa bahari nzima kwa kitu chenye majibu mawili.

#38 Binti Molekuli
Mzee amegusa penyewe. Niongeze na la mahali zinapozaliwa maana wengi tunawaza juu ya maji pale pale. Karibu na uso wa bahari chembe mpya kutoka DMS huzaliwa kwa nadra, sababu povu la Mwamba wa Chumvi limetanda pale na linanyonya mvuke wa asidi kabla haujazaa kitu. Mara nyingi DMS inabebwa na mawingu marefu mpaka juu, huko hewa ni baridi na safi, chembe zinazaliwa, halafu zinashuka polepole siku kadhaa baadaye zikiwa zimekua. Visiwa vya Azores nako wameona zikizaliwa sehemu ya juu ya tabaka la chini la hewa, baada ya hewa baridi kupita na mvua kusafisha chembe za zamani. Na 2020 iligundulika kwa vipimo vya ndege kwamba sehemu kubwa ya DMS inapitia molekuli iitwayo HPMTF, haikuwepo kwenye modeli za zamani, na mawingu yenyewe yanaimeza kabla haijawa salfa dayoksaidi. Hesabu za asidi zote za nyuma ikabidi ziangaliwe upya.

#39 Mwamba wa Chumvi
Kwa hiyo chumvi inaua watoto wa salfa. Nimeipenda hiyo.

#40 Mpinzani Mkuu
Na isoprini je, gesi nyingine inayotolewa na vijimea? 2006 Meskhidze na Nenes walisema doa la kijani karibu na kisiwa cha Georgia Kusini, Bahari ya Kusini, lilikuwa linabadilisha matone ya mawingu, wakalaumu isoprini ya vijimea. Watu wakaja kupima, isoprini ikaonekana haitoshi, na wengine wakaangalia miaka mingine uhusiano wenyewe ukawa hauonekani vizuri. Ndo maana nawaambia kila siku msikimbilie picha moja ya setilaiti.

#41 Ndege wa Mbali
Narudi na ndege wangu. Binti Molekuli alisema asidi inahitaji amonia, na amonia katikati ya bahari ya barafu inatoka wapi? Pengwini! Karibu na kituo cha Marambio, Antaktika, 2025 walitoa majibu kwamba upepo ukitoka upande wa koloni ya pengwini 60,000 hivi, iliyo kama kilomita 8 kutoka hapo, amonia inapanda zaidi ya mara elfu, na chembe mpya zinazaliwa kwa wingi. Pengwini anakula vidudu, vidudu vimekula vijimea, vijimea vimetoa DMS. Wote wako kwenye hilo wingu.

#42 Baharia Huru
Hii sikuijua, na hizo koloni nimepita karibu nazo, unazinusa kabla hujaziona. Binti Molekuli, amonia inayohitajika ni kiasi gani kwani?

#43 Binti Molekuli
Kidogo sana Baharia. CLOUD 2011 walionyesha amonia ya chini ya sehemu moja kwa bilioni inatosha kuharakisha chembe za asidi salfuriki mara mia mpaka elfu. Gesi za ukoo wa amonia ziitwazo amini, kama dimethilamini, zina nguvu zaidi ya amonia, na nazo bahari inazitoa.

#44 Mpinzani Mkuu
Inaharakisha kuzaliwa. Kukua mpaka nanomita 50 ni habari nyingine, chembe nyingi zinafia njiani zimemezwa na kubwa. Mwenye vipimo vya hizo za pengwini zilizofika kuwa tone aweke hapa tuzione.